Zamu ya Usiku, sehemu ya 24: Mtoto anataka kulenga shabaha. Tumnunulie bunduki gani?

Mlio kazini, zamu njema. Mnaonyonyesha saa hizi huku mnasoma kwa jicho moja, hongereni na poleni.

Wiki jana niliweka picha ya kifungua mimba wangu amesimama kwenye nyasi, miwani usoni, vizuia kelele masikioni. Meseji zikamiminika. Nusu zilitoka nyumbani: "Dada, umempa mtoto bunduki? Na wewe ni nesi?" Nusu nyingine zilitoka kwa wazazi wa huku Minnesota: "Hata wangu ameleta fomu ya timu. Tununue ipi, na tuanzie wapi?"

Leo nawajibu wote pamoja, kwa sababu kwangu hayo maswali mawili ni swali moja. Ukishajua kumchagulia mtoto bunduki inayomfaa, utakuwa umeshajua pia kama nyumba yako iko tayari kukaa na bunduki. Kama haiko tayari, jibu ni la, na wala si aibu.

Nianze na wa nyumbani. Kwetu Pwani, na Kenya kwa jumla, bunduki tunaijua kwa askari wa benki, kwa polisi wa barabarani, na kwa habari mbaya za saa tatu usiku. Mama yangu aliposikia jambo hili kwa simu alinyamaza kwanza, halafu akasema, "Mwanangu, huko mmekosa mpira?" Nilicheka, lakini nilimwelewa. Na hata huku hofu hiyo ina msingi. Tangu mwaka 2020, silaha za moto zinaongoza kwa kuua watoto na vijana wa Marekani wa umri wa mwaka 1 hadi 19. Zimepita ajali za magari. Mimi nafanya kazi hospitali, kwa hiyo takwimu hiyo siisomi gazetini tu.

Basi mbona nilikubali hata kwenda kuangalia? Kwa sababu mchezo wenyewe upo, uko shuleni kwa mtoto wangu, na wenzake darasani wanaucheza. Bora niuingie nikiwa macho kuliko niusikie kwa pembeni.

MCHEZO WENYEWE

Mchezo ni wa kulenga visahani. Kisahani kina upana wa kama sentimita 11, kimetengenezwa kwa lami ngumu na unga wa mawe ya chokaa, na uzito wake ni kama gramu 100. Mashine iliyofichwa kwenye kibanda cha chini mbele yako inakirusha hewani, kinakwenda mbali nawe kwa zaidi ya kilomita 60 kwa saa. Mtoto akisema "Pull!", kinaruka. Ana kama sekunde moja hivi ya kukiona, kukifuata na kufyatua. Kikivunjika amepata moja. Kisipovunjika, sifuri, anasubiri zamu yake tena.

Wachezaji watano wanasimama kwenye vituo vitano, mita 14 na ushei nyuma ya kibanda. Kila mmoja anapiga visahani vitano kwa kila kituo, jumla 25. Hakuna mtu anayelengwa, wala mnyama, wala picha ya mtu. Hakuna kukimbia, hakuna kugongana. Msichana na mvulana wanacheza pamoja, mrefu na mfupi, na hata mtoto asiyechaguliwa kamwe kwenye mpira wa kikapu anapata nafasi.

Ligi ya shule za sekondari hapa Minnesota ilianza na shule tatu tu. Leo ina maelfu ya wanafunzi, na kila Juni wanakutana Alexandria kwa mashindano ya jimbo. Bunduki haziingii shuleni. Kila timu inapigia kwenye klabu ya kulenga shabaha iliyo karibu nayo, matokeo yanatumwa kwa intaneti. Na kabla mtoto hajagusa chochote, lazima awe amesoma na kufaulu kozi ya usalama wa silaha.

Mkitaka kujua mtoto anaweza kufika wapi, mtafuteni Kim Rhode. Mwaka 1996, Olimpiki za Atlanta, alichukua dhahabu ya kulenga visahani akiwa na miaka 17. Akaendelea kushinda medali katika Olimpiki sita mfululizo, hadi Rio mwaka 2016. Binti yangu anaijua historia hiyo kwa moyo, na amenisomea mara nyingi kuliko nilivyoomba.

BUNDUKI HAINUNULIWI KAMA SARE YA SHULE

Sasa tuje dukani. Mchezo huu unatumia shotigani, ile bunduki ya marisau. Ukifyatua haitoi risasi moja, inatoa punje ndogo ndogo mamia zinazosambaa kama kiganja kinachofunguka.

Sisi tumelelewa na sare za kukulia. Sketi inashonwa kubwa, pindo linakunjwa, viatu vinajazwa karatasi mbele, mwaka ujao vitamtosha. Akina baba wengi wanaingia duka la bunduki na akili hiyo hiyo: tumnunulie kubwa ya mtu mzima, atakua nayo. Wengine wanafanya kinyume: huyu ni mdogo, tumchukulie ile ndogo na nyepesi kabisa.

Zote mbili zinamuumiza mtoto, na sababu ni hii.

Bunduki ikifyatuliwa inapiga teke. Zile punje zikienda mbele kwa kasi, bunduki inarudi nyuma begani. Teke hilo linategemea vitu viwili: umetuma uzito gani mbele, na bunduki yenyewe ina uzito gani. Kwa risasi ile ile moja, bunduki ya kilo 3.5 inarudisha nguvu pungufu kwa zaidi ya robo ukilinganisha na ya kilo 2.5. Yaani ile "ndogo nyepesi ya mtoto" inayovutia dukani ndiyo yenye teke kali zaidi. Ni nzuri kwa mwindaji anayetembea porini kutwa na kufyatua mara mbili. Si nzuri kwa mtoto atakayefyatua mara 50 jioni moja.

Na teke si alama ya bluu begani tu. Mwili una akili yake. Mtoto akiumia mara kumi, mara ya kumi na moja atafumba macho na kujikunja kabla hata hajavuta triga. Sisi manesi tunaijua tabia hii: mtoto aliyechomwa sindano vibaya mara moja anaanza kulia akiona pamba tu. Kumtoa mtoto kwenye woga huo kunachukua miezi, na wengi wanaacha mchezo kabla hujafika huko. Tena mifupa ya bega la mtoto wa miaka 12 au 13 bado inakua. Maumivu yanayobaki hadi kesho yake si ya kuambiwa "jikaze". Ni ya kupumzisha, na yakiendelea, ni ya kuonyesha daktari.

Lakini usikimbilie nzito kupita kiasi. Kilo 3 ni uzito wa mtoto mchanga wa kawaida. Mbebe mtoto mchanga mikono ikiwa mbele, uone dakika ya pili inakuwaje. Kocha wetu ana kipimo rahisi ambacho nimekipenda. Bunduki ikiwa tupu, imefunguliwa na kukaguliwa na watu wawili, mtoto anaiweka begani kama anataka kulenga na kuishikilia kwa nusu dakika. Akibaki wima, mguu wa mbele umebeba uzito, ni sawa. Akianza kuegemea nyuma na kutoa tumbo mbele kama mjamzito wa miezi tisa, ni nzito kwake. Usibishane na mgongo wa mtoto.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza: chukua nzito kadiri anavyoweza kuibeba vizuri, na tia ndani risasi nyepesi.

IMKAE MWILINI

Kanuni ya pili ni urefu wa kitako, yaani ile sehemu inayokaa begani. Unapimwa kutoka kwenye triga hadi mwisho wa kitako. Bunduki nyingi za watu wazima ni kama sentimita 36. Za watoto ni kati ya 30 na 33. Kikiwa kirefu, mtoto anakisukuma nje hadi kwenye mkono badala ya kukikalisha kwenye bega, na hapo ndipo michubuko inapotoka. Kikiwa kifupi, kidole gumba chake kitamgonga pua kila akifyatua.

Muuzaji atakwambia umpime kwa kukunja kiwiko. Hicho ni kipimo cha kukisia tu. Kipimo cha kweli ni kumtazama akiwa ameiweka begani na shavu limelala kwenye kitako: kati ya pua yake na kidole gumba kibaki kinafasi cha vidole viwili au vitatu hivi. Jicho lake litazame moja kwa moja juu ya mtutu, shingo isinyooshwe kama ya twiga wala kichwa kisiinamishwe.

Mtoto anakua lakini, si ndiyo? Hapa ndipo pesa zako zifanye kazi. Tafuta bunduki yenye vipande vya kuongeza nyuma ya kitako, au yenye kitako kinachorekebishwa, au ambayo kitako kirefu kinauzwa peke yake baadaye. Hapo pindo linakunjuliwa mwaka hadi mwaka, na kila mwaka inamkaa.

Kanuni ya tatu, jicho. Kila mtu ana jicho moja lenye mamlaka kuliko lingine, na si lazima liwe upande wa mkono anaoandikia. Mwambie mtoto anyooshe mikono mbele, aunganishe viganja abakishe kitundu kidogo cha pembetatu, atazame saa ya ukutani kupitia hapo macho yote wazi. Kisha afumbe jicho la kushoto. Saa ikibaki, jicho la kulia ndilo bosi. Ikipotea, bosi ni la kushoto. Mtoto wa mkono wa kulia mwenye jicho la kushoto atakosa na kukosa bila kujua kwa nini, na wazazi watadhani hana kipaji. Kocha anaweza kumfundisha kupigia bega la kushoto, au kubandika kipande kidogo cha utepe kwenye kioo cha miwani. Fanyeni jaribio hili kabla ya kununua, kwa sababu bunduki nyingine zimetengenezwa kwa upande mmoja tu.

GEJI NA RISASI

Utaulizwa, "Geji 12 au 20?" Usishtuke. Hesabu yake ni ya zamani na imekaa kinyume: namba kubwa ni mtutu mwembamba. Zamani ratili moja ya madini ya risasi iligawanywa kwenye mipira. Mipira 12 sawa ikitoka, upana wa mpira mmoja ndio geji 12, kama milimita 18.5. Ikitoka 20, ndio geji 20, kama milimita 15.6.

Wengi hudhani geji 20 daima ina teke dogo. Si lazima. Kuna risasi za geji 12 zenye gramu 24 za punje, sawa na zinazotumika kwenye Olimpiki, na kuna za gramu 32 ambazo mtoto hazihitaji. Geji 12 ya kilo 3.5 yenye gramu 24 inaweza kuwa laini kuliko geji 20 ya kilo 2.6 yenye gramu hizo hizo. Ndiyo maana nasema usinunue namba, nunua uzito na risasi kwa pamoja. Mtoto mwenye mwili mdogo, geji 20 isiyo nyepesi mno ni sawa. Mwenye mwili wa kutosha, geji 12 na risasi nyepesi itamfikisha mbali, na risasi zake hupatikana kwa urahisi.

Ile ndogo kabisa inayoitwa .410, mwachie bingwa. Punje zake ni chache, kama gramu 14 tu, na mtoto anayeanza atakosa mpaka achoke. Mtoto anahitaji kuona kisahani kikivunjika siku ya kwanza.

Mwisho wa mtutu kuna kipande cha kubana kinachoitwa choki, kinachoamua punje zisambae upesi au zikae pamoja. Kocha atamchagulia. Wewe hakikisha tu bunduki ina choki za kubadilisha.

AINA NA BEI

Aina ni nne hivi.

Ya pampu, unavuta mkono wa mbele kutia risasi nyingine. Ni ya bei nafuu, mpya zipo chini ya dola 500, na Mossberg 500 ina toleo dogo la watoto. Shida yake kwa mchezo huu ni wepesi, kwa hiyo teke.

Ya nusu otomatiki inayotumia gesi. Sehemu ya gesi ya mlipuko inatumika kusukuma mtambo, na hilo linalitandaza teke kwa muda mrefu kidogo, begani linakuja kama kusukumwa badala ya kupigwa. Remington 1100, iliyotoka mwaka 1963, ilipata jina kwa hilo, na Beretta A300 ni ya ukoo huo. Inatupa maganda pembeni, kwa hiyo tia kifaa cha kuyazuia yasimpige jirani. Na isafishwe kweli kweli.

Ya mtutu mmoja inayokunjika katikati, kama Browning BT-99, iliyotengenezwa kwa mchezo huu hasa. Ni nzito, imetulia, na ikiwa imekunjwa kila mtu uwanjani anaona kwa macho kwamba haiwezi kufyatuka. Kama mama, hilo nalipenda.

Ya mitutu miwili, mmoja juu ya mwingine. Nzuri mno, inadumu hadi wajukuu, lakini ile ya maana mara nyingi inapita dola 2,000. Hiyo mtoto ajinunulie akianza kazi.

Sisi tulifanyaje? Klabu nyingi zina bunduki za kuazima. Tuliomba, na msimu mzima wa kwanza binti yetu alipigia bunduki za klabu, tatu tofauti. Baba watoto alikuwa na jicho kwa ile ya mitutu miwili yenye nakshi, na mimi nikamwambia, "Mzee, hiyo ni yako au ya mtoto?" Mwishowe tulipata ya nusu otomatiki ya gesi, geji 20, iliyotumika, kutoka kwa familia ambayo kijana wao ameshaipita urefu. Tuliipitishia kwenye duka lenye leseni, karatasi zikakaa sawa, na fundi wa bunduki akaikagua. Kitako ni kifupi, kirefu chake kiko ndani ya boksi kinasubiri.

Na msisahau gharama ya baadaye. Wiki moja ya ligi ni visahani 50. Ukihesabu wiki saba, pamoja na ya mazoezi na ya akiba, ni risasi 350, yaani boksi 14 za risasi 25. Kila boksi ni kama dola 10. Ongeza ada ya timu, miwani na mafuta ya gari. Afadhali bunduki ya bei ya kati na risasi za kutosha mazoezi kuliko bunduki ya fahari inayolala kabatini kwa kukosa risasi.

SASA NESI AONGEE

Masikio. Mlio wa karibu kila bunduki unapita desibeli 140, kiwango ambacho hata mlio mmoja unaweza kuharibu usikivu. Vinyweleo vya ndani ya sikio vikifa havioti tena. Mtoto wangu anavaa viziba masikio ndani, na vile vikubwa vya kufunika juu yake. Ndugu zake wanaotazama wanavaa pia. Mtoto mchanga, mama, usimlete uwanjani. Muache nyumbani.

Macho. Miwani ya kinga isiyovunjika kwa kila mtu, hata mtazamaji. Vipande vya visahani huruka.

Mikono. Lugha yetu inaita chuma na kinachotoka kwenye bunduki kwa jina moja, risasi, na ina haki, maana punje nyingi ni madini ya risasi hasa. Madini hayo ni sumu kwa ubongo wa mtoto, na hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Kwa hiyo hakuna kula chipsi uwanjani kwa mikono michafu. Sabuni na maji kwanza, kitakasa mikono hakitoi madini. Nguo za mazoezi zinaingia mashine peke yake, viatu vinabaki mlangoni, hasa kama nyumbani kuna anayetambaa na kutia kila kitu mdomoni. Ukimpeleka mtoto kliniki, mwambie daktari kwamba anapiga shabaha. Anaweza kumpima damu.

KABATI KABLA YA BUNDUKI

Hapa naomba msome polepole.

Sisi tulinunua kabati la chuma miezi miwili kabla ya bunduki. Limefungwa kwa boliti ukutani. Bunduki inakaa humo tupu, na kufuli yake nyingine kwenye triga. Risasi zinakaa chumba kingine, kwenye kisanduku chenye kufuli yake. Ushauri wa madaktari wa watoto wa Marekani ni huo huo: tupu, imefungwa, na risasi zimefungwa mbali nayo. Anayejua namba za siri ni mimi na baba yake. Binti yetu hajui, ingawa anaiita bunduki yake, na ingawa amefaulu kozi kwa alama za juu. Safarini inakuwa tupu, ndani ya mkoba wake. Ikitoka uwanjani inarudi kabatini kabla hatujavua viatu.

Wengine watasema, "Kwani humwamini mtoto wako?" Namwamini. Lakini si yeye tu anayeishi hapa. Ana mdogo wake wa miaka sita, ana marafiki wanaokuja kulala, ana binamu. Na yeye mwenyewe ni kijana. Kijana anaweza kuwa na usiku mmoja mbaya sana ambao hakukwambia, na usiku huo kufuli ni mlinzi. Watu wengi wanaopona usiku kama huo hawafi baadaye kwa kujiua, lakini bunduki haimwachii mtu nafasi ya kupona. Ikiwa mtoto wako, au yeyote nyumbani, amekuwa na huzuni nzito, amejitenga, ameongea habari za kufa, basi bunduki isiingie, na iliyopo itoke kwanza. Atumie ya klabu chini ya macho ya kocha, au asubiri. Huku Marekani piga 988 saa yoyote. Visahani havitakwisha duniani.

Sheria nayo. Duka lenye leseni haliruhusiwi kumuuzia shotigani mtu wa chini ya miaka 18, kwa hiyo mnunuzi ni wewe mzazi na dhamana ni yako. Minnesota inakuhesabia kosa la jinai ukiiacha na risasi ndani mahali ambapo mtoto anaweza kuifikia. Na kwa sisi wageni: mwenye kadi ya kijani anaweza kununua, lakini aliye kwa viza ya muda kwa kawaida haruhusiwi, isipokuwa kwa masharti maalumu. Fomu ya duka itakuuliza. Usidanganye, na usimtume binamu mwenye uraia akununulie. Hayo ni makosa ya serikali kuu, na yanaweza kukuharibia makaratasi yako yote kwa sababu ya mchezo wa visahani. Muulize wakili wa uhamiaji kwanza, bunduki ya klabu itakusubiri.

KWA HIYO

Ukitaka orodha fupi ya kubandika kwenye friji ni hii. Kwanza, moyo wa mtoto na hali ya nyumba. Pili, kabati. Tatu, kozi na kocha. Nne, msimu mmoja wa kuazima. Tano, jicho, kitako na uzito. Sita, risasi nyepesi. Saba, ndipo bei na jina la kampuni. Mtu akikuanzishia na saba, mwambie asubiri.

Mama yangu bado anauliza habari za mpira. Jumapili iliyopita nilimtumia video, mjukuu wake akavunja visahani 19 kati ya 25. Akaitazama, akasema, "Mwambie asimame wima, mgongo unapinda." Amekuwa kocha tayari.

Akina baba mnaosoma kwa simu za wake zenu, karibuni, maswali yenu pia nayapokea. Sehemu ya 25 nitaongea juu ya mtoto anayeota meno na homa: ipi ni ya meno na ipi ni ya kukimbilia hospitali. Lala salama, na wa zamu, tuonane asubuhi.